Kinga Yako Haijashuka

Jumatatu tena. Dada wa miaka 29, ana ugonjwa wa lupasi (lupus), kaja kliniki na shangazi yake. Shangazi anatoa kikapuni chupa ya maji imejaa kitu cha kijani, mdomo umefungwa nailoni kisivuje. "Daktari, tunampandisha kinga." Tangu lini? "Tangu tuache vile vidonge." Naangalia miguu: soksi zimeacha mfereji juu ya vifundo. Mkojo una povu, protini plasi tatu, yaani nyingi. Figo hizo, zinavuja.

Jamani. Lupasi si upungufu wa kinga. Kinga ipo tele, ila imegeukia mwili wenyewe. Najua tulikoitoa imani hii: miaka yote ya kampeni za UKIMWI tumesikia kinga ikishuka, na sisi kinachoshuka lazima kipandishwe. Mgonjwa wa lupasi namwandikia dawa za kuituliza kinga, akifika nyumbani anapewa juisi ya kuichochea. Bahati nzuri nyingi ya juisi hizo hazichochei chochote. Mlonge ni mboga, kula. Vidonge vya lusini, ndiyo, ile ya ng'ombe, hapana: kima waliolishwa machipukizi yake kwenye utafiti walipata ugonjwa unaofanana na lupasi.

Mazoea yana kazi, ila si hiyo ya kupandisha. Sigara acha, hasa kama kwenu kuna baridi yabisi, nayo ni kinga kushambulia viungo. Uzito, mazoezi, chakula, mnajua. Mwaka 2022 ulitoka uchambuzi wa wauguzi wa kike wa Marekani, karibu 186,000, waliofuatiliwa miaka mingi. Wenye mazoea mazuri manne au zaidi kati ya matano, hatari yao ya lupasi ilikuwa chini ya nusu ya wale wenye moja au bila. La tano katika hayo matano? Kunywa pombe kidogo, si kuiacha. Sitamwandikia mtu pombe, na sijui nifanye nini na jibu hilo. Tena wengi wao walikuwa Wazungu, ilhali lupasi huwapata zaidi wanawake weusi, na huwa kali zaidi kwao.

"Basi huyu alikosea nini?" Shangazi huyo. Hakukosea. Kati ya wale wote, waliopata lupasi ni 203. Wavuta sigara kibao hawakuipata. Na kwa kila mwanamume mmoja mwenye lupasi kuna wanawake kama tisa. Kuzaliwa mwanamke nalo ni zoea?

Vidonge viliachwaje? Shangazi alisikia haidroksiklorokwini, kidonge cha lupasi, ni ndugu wa klorokwini, akakumbuka alivyojikuna usiku kucha enzi zile za malaria. Angalau hiyo ni sababu. Nilimuuliza dada kama aliwashwa. Hata kidogo.

Vidonge vimerudi, dozi ya prednisoloni, ya kuituliza kinga, imepanda, figo tunazifuatilia. Chupa shangazi aliondoka nayo. Atainywa mwenyewe, magoti yanamsumbua.