Je, wajua kwa nini dubu wa kuchezea aliyechakaa anaweza kuuzwa ghali kuliko aliyetunzwa kabatini?

Siku belo la midoli ya mitumba linapofunguliwa sokoni Karume, Ilala, inabidi uwahi. Kamba zikishakatwa, midoli iliyobanwa kama mikate huanza kujitanua yenyewe: sungura, mbwa, twiga wa jicho moja, dubu wa kila rangi. Katika rundo la namna hiyo nilimkuta dubu mdogo wa zambarau, mwenye waridi jeupe lililotariziwa kifuani na lebo nyekundu ya umbo la moyo sikioni. Nilimlipia shilingi 2,000 bila hata kuomba nipunguziwe, kwa sababu nilikuwa nimeshamsoma mtandaoni. Watu walikuwa wakimtangaza kwa makumi ya maelfu ya dola.

Nilikosea, na kosa lenyewe ni la watu wengi sana, kwa hiyo linastahili kufumuliwa uzi kwa uzi.

Dubu yule anaitwa Princess. Ni mmoja wa Beanie Babies, midoli midogo yenye chembe za plastiki tumboni ambayo kampuni ya Ty ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1993 kwa takriban dola 5 mmoja. Alitangazwa Oktoba 1997, miezi miwili baada ya kifo cha Diana wa Uingereza, na faida iliyotokana naye ilikwenda kwenye mfuko wa kumbukumbu ya binti mfalme huyo. Watu walimpigania madukani. Wengi walimnunua si kwa ajili ya mtoto, bali wamweke mpaka apande bei.

Nilichokiona mtandaoni ilikuwa bei iliyoandikwa, nami nikaichukua kuwa ndiyo bei. Mwenye kiwanja anaweza kubandika kibao kinachosema bilioni moja. Kiwanja hakijawa cha bilioni mpaka atokee mtu azitoe. Kwenye minada ya mtandaoni kuna sehemu ya kutazama vitu vilivyokwisha kuuzwa, na ukiingia huko unamkuta Princess yuleyule, mwenye waridi lilelile, ameondoka kwa dola chache. Matangazo ya bei za ajabu hubaki pale miezi na miaka kwa sababu hayana mnunuzi, na kwa kuwa hayaondoki, ndiyo yanayoonekana zaidi. Mimi niliona yaliyobaki. Yaliyouzwa yalikuwa yameshatoka mbele ya macho yangu.

Halafu kuna habari ya lebo. Watu huambiana: tafuta neno lililokosewa tahajia, tazama kama chembe za tumboni ni PVC au PE, aina mbili za plastiki, tazama kama ametengenezwa Indonesia au China. Tofauti hizo zipo kweli na wakusanyaji huziangalia. Lakini kosa lililopita kwenye mashine ya kuchapa hurudiwa katika kila lebo ya mkupuo ule. Kosa lililorudiwa hivyo linakuwa kitu cha kawaida, kama vile noti zote za toleo moja zinavyofanana. Mtu anayeshika dubu mmoja mkononi haoni wenzake wote wenye kosa lilelile.

Kosa lililonishika kwa muda mrefu kuliko yote ni hili: niliamini kwamba kitu kikitunzwa vizuri na kikakaa sana, lazima kipande thamani. Linaingia akilini. Divai huambiwa hivyo, viwanja huambiwa hivyo. Kwa midoli, mambo huenda karibu kinyume, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niipende mada hii.

Mtazame dubu wa aina nyingine. Katika mji wa Giengen, kusini mwa Ujerumani, aliishi mshonaji aitwaye Margarete Steiff, aliyezaliwa 1847 na kupooza miguu utotoni kwa polio. Mwaka 1880 alikuwa akiuza vitembo vidogo vya kitambaa kizito cha sufu vilivyokusudiwa kuchomekea sindano. Watoto wakavigeuza midoli, na biashara ikakua kutoka hapo. Mpwa wake Richard alikuwa akienda kuchora dubu halisi kwenye bustani ya wanyama huko Stuttgart, na mwaka 1902 alibuni dubu wa manyoya ya mbuzi mwenye viungo vinavyozunguka. Wakati huohuo, huko Brooklyn, Marekani, Morris Michtom alikuwa akishona dubu wake baada ya Rais Theodore Roosevelt kukataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti, kisa kilichochorwa katuni gazetini Novemba 1902. Ndiko dubu wa kuchezea alikopata jina Teddy, kifupi cha Theodore.

Sasa idadi. Mwaka 1907 pekee, kiwanda cha Steiff kilitengeneza dubu 974,000. Karibu milioni moja katika mwaka mmoja, miaka 90 kabla ya Princess. Kama wingi wa uzalishaji ndio ungeamua kila kitu, dubu wa zama zile wangekuwa bei ya karanga. Badala yake, Desemba 1994, dubu wa Steiff wa mwaka 1904 aitwaye Teddy Girl aliuzwa kwenye mnada wa Christie's mjini London kwa pauni 110,000. Alikuwa ameshachezewa kweli. Alikuwa mali ya Kanali Bob Henderson tangu utoto wake.

Kuelewa jambo hili, fikiria kanga. Kiwanda huchapa maelfu ya doti zenye jina moja. Doti ikitoka dukani, huanzia harusini ikiwa bado ina wanga. Ikianza kufifia inahamia jikoni. Kipande kimoja kinakuwa mbeleko, kingine kinamfunika mtoto mbu wasimfikie. Baadaye kinachanwa nepi, na mwisho wake ni tambara la kudekia, mpaka linyofoke nyuzi. Hakuna aliyekusudia kuiangamiza. Kila mmoja aliitumia kwa kazi iliyotengenezewa. Jaribu leo kutafuta doti ya miaka ya 1960 ambayo haijakatwa wala kupindwa. Zilichapwa nyingi mno, na kwa sababu zilipendwa, ziliisha.

Mdoli hupita njia hiyohiyo. Mtoto anaulalia, anautapikia, anautafuna sikio. Mbwa wa nyumbani anaung'ang'ania. Nondo wanakula manyoya, familia inahama, vita inapita. Tuchukue hesabu ya mfano tu: tuseme kila baada ya miaka 10 nusu ya midoli inapotea. Anza na 974,000. Baada ya miaka 10 unabaki na 487,000, bado ni mingi. Baada ya miaka 50 imebaki kama 30,000. Ikifika miaka 100 imebaki kama 950, na hapo hatujauliza mingapi bado ina macho yote mawili. Sasa rudia hesabu kwa midoli inayotunzwa, ambayo kila miaka 10 inapotea mmoja tu kati ya 20. Baada ya miaka 30 bado una zaidi ya 835,000.

Hilo ndilo lililowakuta Beanie Babies. Kampuni ilikuwa ikitangaza kwamba mnyama fulani amestaafishwa, hatengenezwi tena, na watu wakakimbilia madukani. Waliuza hata vifuniko vya plastiki vya kuvisha lebo isikunjike. Mwaka 1999, katika mahakama ya Las Vegas, mume na mke waliokuwa wakitalikiana walichuchumaa sakafuni mbele ya jaji na kugawana midoli yao mmoja mmoja kutoka kwenye rundo. Kila mtu alikuwa anatunza. Walichosahau ni kwamba jirani naye anatunza, na jirani wa jirani. Mamilioni ya midoli ikaingia kabatini ikiwa mipya na ikatoka kabatini ikiwa mipya, siku moja, kwenye soko moja, kwa wanunuzi ambao tayari walikuwa na yao.

Hesabu hii haimalizi yote. Wapo Beanie Babies wachache ambao ni adimu kweli: tembo aitwaye Peanut alitoka mwaka 1995 akiwa na rangi ya bluu iliyokolea, na muda mfupi baadaye rangi ikabadilishwa kuwa bluu hafifu, wale wa mwanzo wanatafutwa mpaka leo. Tena uadimu peke yake haulishi mtu. Kitu kinaweza kuwa kimoja duniani na kisiwe na anayekitaka. Wanunuzi wa midoli mikongwe mara nyingi wanatafuta utoto, wao wenyewe au wa wazazi wao, na kizazi hicho kikiondoka hakuna anayeweza kuahidi kwamba kijacho kitalipa vilevile. Na Teddy Girl hakulipiwa pauni 110,000 kwa manyoya yake tu. Alikuwa na mwenyewe anayejulikana na maisha yanayosimulika, jambo ambalo dubu wengi wa umri wake wamelipoteza.

Kwa upande wa pili, uadimu unaweza kufika mwisho kabisa. Steiff wenyewe husimulia kwamba mwaka 1903, kwenye maonyesho ya Leipzig, mnunuzi kutoka Marekani aliagiza dubu 3,000 wa ule muundo wa kwanza wa Richard. Hakuna hata mmoja anayejulikana kuwapo leo. Mkusanyaji anaweza kutumia maisha yake yote akimtafuta dubu ambaye amebaki kwenye picha na kwenye orodha ya kiwanda.

Kwa kuwa mabelo yetu hutoka Ulaya na Marekani, si kosa kuangalia. Ukimshika dubu wa zamani, mminye tumbo kwa kidole gumba. Wale wa mwanzo wa karne iliyopita walishindiliwa nyuzi za mbao, na ukiwaminya utasikia mchakacho kama wa majani makavu. Waingereza baadaye walitumia sana sufi, ileile tunayojazia mito, ambayo ni laini na nyepesi. Mwanga wa taa ya urujuanimno husaidia pia: uzi wa kisasa mara nyingi hung'aa chini yake na wa zamani haung'ai, ingawa sabuni ya unga ya leo inaweza kumng'arisha hata mzee wa kweli.

Kisha shika sikio la kushoto. Tangu mwaka 1904 Steiff walianza kubana hapo kifungo kidogo cha chuma, ili midoli yao isichanganywe na ya kuigiza. Wazazi wengi walikinyofoa wakihofia mtoto atakimeza, kwa hiyo kukikosa hakumaanishi chochote. Pitisha ncha ya kidole taratibu kwenye manyoya ya sikio, ukitafuta tundu dogo lililobaki au alama ya kutu kwenye kitambaa. Na ukiipata, usimfue.