Je, wajua kwa nini roketi za biashara ziliwahi kurushwa kutoka Katanga?

Mwezi Mei 1977, kwenye uwanda wa juu unaotazama bonde la mto Luvua, kaskazini mwa Katanga nchini Kongo, kampuni moja ya Ujerumani Magharibi ilirusha roketi. Haikuwa roketi ya jeshi wala ya serikali. OTRAG, ndilo jina la kampuni hiyo, ilikuwa miongoni mwa kampuni binafsi za kwanza duniani kutaka kupeleka satelaiti za wateja angani kwa malipo, miaka 25 kabla SpaceX, kampuni ya roketi ya Marekani, haijaanzishwa. Vijana wengi wa Lubumbashi wanaofuatilia kila safari ya Starship, roketi kubwa ya SpaceX, kwenye simu zao hawajawahi kuisikia habari hii. Inasikitisha, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali wanalouliza kila mara: kama ikweta inafaa kwa roketi, na sisi tuko karibu nayo, mbona hazirushwi kwetu?

Tuanze na ikweta. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na mzingo wake hapo katikati ni kilomita 40,000 na ushei. Kwa hiyo mtu aliyeketi ikweta anasafiri kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa bila kuhisi chochote. Goma iko kusini kidogo tu ya ikweta na hupata karibu kasi hiyo yote. Lubumbashi hupata kama 1,640. Cape Canaveral, kule Florida, hupata 1,470 hivi, na Baikonur nchini Kazakhstan 1,160 tu. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki huondoka ardhini ikiwa tayari imepewa kasi hiyo bure.

Ili satelaiti ikae angani bila kuanguka, katika njia zilizo karibu na dunia, inahitaji kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa. Ukipiga hesabu, zawadi ya ikweta ni kama asilimia sita ya kasi hiyo. Ni kidogo, lakini sehemu kubwa mno ya uzito wa roketi ni mafuta na oksijeni ya kuyachoma. Mzigo wa mteja ni asilimia chache tu za uzito wote. Ukiipunguzia roketi kazi kidogo, nafuu hiyo huingia kwenye mzigo moja kwa moja.

Kuna faida nyingine, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi. Satelaiti za televisheni hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta kabisa, zikizunguka sawasawa na dunia, ndiyo maana antena ya nyumbani ikishaelekezwa haihamishwi tena. Roketi inayotoka mbali na ikweta huanza safari katika njia iliyoinama, na lazima satelaiti ije inyooshwe huko juu. Kunyoosha njia ya chombo kinachokwenda kasi namna hiyo hula mafuta mengi sana. Ushahidi mzuri ni roketi ya Kirusi Soyuz. Kutoka Baikonur iliweza kupeleka mzigo wa tani 1.7 hivi kuelekea huko kwenye satelaiti za televisheni. Ilipoanza kurushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, mwaka 2011, ilibeba karibu tani 3.

Wajerumani wa OTRAG walizijua hesabu hizi vizuri. Mwanzilishi wake alikuwa mhandisi Lutz Kayser, na mwenyekiti wake Kurt Debus, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Kennedy cha NASA, shirika la anga la Marekani, wakati watu wanapelekwa mwezini. Walipata kutoka kwa serikali ya Mobutu, rais wa nchi wakati huo, haki ya kutumia eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 katika jimbo lililoitwa Shaba wakati huo. Hiyo ni karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Kwa maoni yangu, ukubwa huo peke yake unatosha kueleza kwa nini mkataba uliamsha hasira hata kabla roketi ya kwanza haijaruka.

Roketi yenyewe, hata hivyo, ilibuniwa kwa akili ya kuheshimiwa. Badala ya injini moja kubwa ya bei ghali, Kayser alitaka mabomba membamba yanayofanana, kila moja likiwa na tangi na injini yake, yafungwe pamoja kama kuni za mpishi kadiri mzigo unavyohitaji. Hakukuwa na pampu. Hewa iliyoshindiliwa ndani ya bomba ndiyo iliyosukuma mafuta kwenye injini. Vali zilifunguliwa kwa mota za waipa za magari, kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi na bei yake ilikuwa ndogo. Ili kuigeuza roketi angani, injini za upande mmoja zilipunguzwa nguvu. Wengi walimcheka. Leo Falcon 9, roketi nyingine ya SpaceX, hupaa kwa injini tisa zinazofanana, na kipande cha chini cha Starship kina injini 33. Wazo la kutumia injini nyingi ndogo zinazotoka kiwandani kwa wingi halichekwi tena na mtu.

Majaribio ya Katanga yalikuwa matatu, yote ya roketi ndogo za mabomba manne ambazo hazikukusudiwa kufika kwenye njia ya satelaiti. La pili lilifanyika Mei 1978, mwezi uleule mji wa Kolwezi, hukohuko Shaba, ulipovamiwa na waasi. La tatu, Juni 1978, lilifanyika mbele ya Mobutu mwenyewe: roketi ilipinda mapema ikaanguka. Wakati huo Moscow ilikuwa ikishutumu kwamba Ujerumani Magharibi inajaribu makombora ya kivita kwa siri, na nchi jirani nazo zilikuwa na wasiwasi. Mwaka 1979 Mobutu aliwataka wasimamishe kazi. Wakahamia Libya.

Siasa ndiyo iliyowafukuza, lakini hata kama isingekuwepo wangekutana na tatizo jingine. Tazama ramani. Mashariki ya Luvua kuna Ziwa Tanganyika, kisha Tanzania nzima; Bahari ya Hindi iko umbali wa kilomita 1,200 hivi. Roketi inayokwenda angani hudondosha vipande vyake njiani, na kipande cha chini huanguka mamia ya kilomita kutoka kiwanjani. Roketi kubwa kutoka Katanga ingedondosha vyuma na mabaki ya mafuta yenye sumu juu ya mashamba ya watu wa nchi nyingine. Ndiyo sababu Waitaliano, walipokuja Afrika Mashariki, walijenga jukwaa baharini karibu na Malindi, Kenya. Hapo ndipo satelaiti ya Uhuru ilipotoka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kwenda kuchunguza nyota zinazotoa miale ya eksirei.

Je, roketi zinazorudi chini haziwezi kutatua jambo hili? Kwa sehemu, ndiyo. Desemba 2015 kipande cha chini cha Falcon 9 kilirudi na kutua wima kwa mara ya kwanza baada ya kupeleka satelaiti, na Oktoba 2024 kile cha Starship kilidakwa na mikono ya mnara wake huko Texas. Vipo vipande vya Falcon 9 vilivyokwisha kuruka zaidi ya mara 20. Lakini roketi ikiharibika njiani, hakuna kinachorudi: Januari 2025 Starship ilisambaratika na mabaki yake yakaanguka upande wa visiwa vya Turks na Caicos, ndege zikalazimika kubadili njia. Na chini yake kulikuwa na bahari.

Soko nalo limebadilika. Satelaiti za intaneti za Starlink, ambazo kampuni yake ilipata kibali cha kufanya kazi nchini Kongo mwaka 2025, huzunguka kilomita 500 hivi juu, nyingi zikiwa katika njia zilizoinama makusudi ili zihudumie watu wa kaskazini na kusini pia. Kwa njia kama hizo faida ya ikweta hupungua, na Florida inatosha kabisa.

Kongo ina bahari, ni kweli, kama kilomita 40 za pwani huko Muanda, karibu na nyuzi 6 kusini. Ila pwani hiyo inatazama magharibi. Roketi ya kuelekea mashariki kutoka Muanda ingepita juu ya Kongo yenyewe, na ya kuelekea magharibi ingepaa kinyume na mzunguko wa dunia. Israeli hufanya hivyo, ikirusha juu ya Mediterania ili mabaki yasiangukie majirani zake, na roketi zake hubeba mzigo mdogo kuliko ambao zingebeba kama zingeelekea mashariki.