Kifua kinabana? Acha kukiita gesi

Mshipa wangu wa moyo umeziba asilimia 60. Mbona daktari anataka kipimo kingine?

Asilimia haisemi kama damu inafika kwenye msuli wa moyo. Kipimo kiitwacho FFR hulinganisha msukumo wa damu kabla na baada ya palipoziba, kisha hutoa namba. Kwa kawaida waya mwembamba hupitishwa mkononi au pajani hadi kwenye moyo. Siku hizi kompyuta inaweza kukokotoa namba hiyo kutokana na picha za sitiskani (CT scan), mashine ya eksirei inayopiga picha za moyo. Ikiwa 0.80 au chini, damu imepungua vya kutosha daktari kufikiria stenti (kijibomba cha kuweka mshipa wazi) au upasuaji. Ikizidi hapo, mara nyingi dawa zinatosha.

Sitiskani inauma?

Ni sindano ya rangi mkononi na joto la ghafla mwilini. Sema mapema kama una shida ya figo au mzio. Na tafadhali, ukiambiwa usinywe chai wala kahawa, usinywe. Moyo ukienda mbio picha inatoka na ukungu.

Nikipanda daraja la miguu la Thika Road kifua kinabana, nikisimama kinaachia. Si ni gesi?

Hapana. Gesi haingoji ngazi. Kifua kinachobana ukijikaza na kuachia ukipumzika ni cha kuchunguzwa moyo, wiki hii, si baada ya sikukuu.

Lakini dawa ya asidi ya kemisti hunituliza.

Ulipoimeza ulikuwa umeketi. Huenda kuketi ndiko kulikokutuliza. Tunawapokea watu waliomeza dawa hizo miezi mizima, na wanapofika sehemu ya msuli wa moyo imeshakufa. Si gesi mpaka moyo upimwe.

Miadi ya picha ni wiki ijayo, na sasa kinauma nikiwa nimekaa. Nisubiri?

Usisubiri! Miadi hiyo ni ya mtu aliyetulia. Maumivu yasiyoachia, jasho baridi, kukosa pumzi, maumivu ya taya au mkono: nenda idara ya dharura sasa hivi, upimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Usiendeshe gari mwenyewe. Usipitie kemisti kwanza.

Mama ana kisukari. Haumwi kifua, ila anahema akitandika kitanda.

Kisukari huharibu neva, kwa hiyo moyo unaweza kukosa damu bila maumivu. Mpeleke, hata akisema ni uzee.