Stadi za Maisha Shuleni: Kazi ya Mtoto Ifanywe na Mtoto

Katika majuma ya mwanzo ya muhula, ofisi za elimu nchini Kenya, ikiwemo yetu ya Lamu, hupokea malalamiko mengi ya wazazi, na muhula huu sehemu kubwa ya malalamiko hayo imehusu kazi za vitendo ambazo watoto hupewa shuleni na kuambiwa wazikamilishe nyumbani. Wapo wazazi wanaosema kwamba mtoto amepelekwa shule kusoma, si kufundishwa kupika, kushona kifungo wala kupanda mchicha ndani ya gunia, kwani hayo hata asiyesoma anayajua. Wapo pia wanaosema kwamba shule hazifundishi lolote la maana, kwa kuwa kijana humaliza kidato cha nne asiweze kuandika barua ya kuomba kazi, asijue kupanga matumizi ya shilingi elfu moja, na akipigiwa simu na tapeli huitaja nambari yake ya siri bila kusita. Si ajabu mzazi mmoja kuyasema yote mawili katika kikao kimoja.

Ieleweke mapema kwamba swali la iwapo shule zifundishe stadi za maisha lilikwisha kujibiwa kisera. Linalobaki ni nani afanye kazi hizo, kwa vifaa vya nani, na zipimwe vipi. Hapo ndipo palipo na mkanganyiko, ambao kwa sehemu umesababishwa na wazazi na kwa sehemu, ni haki kukiri, na baadhi ya shule.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) ulipoanza mwaka 1985 ulikusudiwa uwe wa vitendo. Waliosoma miaka hiyo wanaikumbuka sayansi kimu, kilimo na useremala, na wazazi wao wanakumbuka michango ya kujenga karakana. Vifaa vikawa haba, mitihani ikaegemea maandishi, na mtaala ulipopitiwa upya mwaka 2002 masomo ya aina hiyo yakaondoka katika KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane. Mwaka 2008 Stadi za Maisha liliingizwa kama somo linalojitegemea, kipindi kimoja kwa juma, lisilotahiniwa. Aliyekuwa darasani miaka hiyo anajua kilichofuata: ratiba ilisema Stadi za Maisha, na ubaoni ikafundishwa Hisabati.

Mtaala wa umilisi, unaotazama anachoweza kukifanya mwanafunzi, ulioanza kutekelezwa Januari 2019 katika madarasa ya chini, ulilirudia jambo hilo kwa njia tofauti. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, ilipofunguliwa mwaka 2023, Stadi za Maisha lilikuwa somo linalojitegemea. Baada ya jopokazi la rais kuhusu mageuzi ya elimu kupendekeza masomo yapunguzwe, lilitiwa ndani ya Masomo ya Jamii, na Sayansi Kimu ikaunganishwa na Kilimo likawa somo moja la Kilimo na Lishe. Mzazi anayeitazama ratiba na kutangaza kwamba stadi za maisha zimefutwa ametazama majina ya masomo tu. Aidha, stadi hizi hazianzi wala haziishii jikoni. Shirika la Afya Duniani linapozitaja hutaja kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa makini, kuwasiliana, kuelewa hisia za mwenzako na kukabiliana na msongo. Sufuria ni kifaa cha kufundishia, kama chaki.

Niliwahi kuhudhuria somo la Gredi ya 5 katika shule moja ya kisiwani. Mwalimu aliweka juu ya meza maji ya lita moja yaliyochemshwa na kupozwa, sukari, chumvi na vijiko vya chai, akawataka wanafunzi watengeneze maji ya kumpa mtu anayeharisha. Kipimo kilikuwa ubaoni: vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kundi la kwanza lilichota sukari ikafura juu ya kijiko, likahesabu hadi sita, likaridhika. Mwalimu hakulikatiza. Kundi la pili lilikuwa na msichana aliyesawazisha kila kijiko kwa mgongo wa kisu, huku wenzake wakimlaumu kwa kuwachelewesha. Walipoyaonja maji ya makundi yote mawili, darasa lenyewe likauliza kwa nini hayafanani, ilhali kila kundi liliweka vijiko sita. Ndipo mwalimu akaeleza kwamba sukari ikizidi huweza kuongeza kuharisha, kwamba chumvi ikizidi ni hatari hasa kwa mtoto mchanga, na kwamba maji ya visima vyenye chumvi, ambavyo havikosekani hapa kwetu, huvuruga kipimo chote. Pakiti ya zahanati ya kutengenezea maji hayo ikipatikana, aliongeza, ndiyo itangulie. Nusu, sawasawa na zaidi ya kiasi, mambo ambayo yangewachosha kwenye daftari la Hisabati, waliyabishania kwa dakika arubaini bila kuhimizwa.

Hoja inayorudiwa sana Lamu ni kwamba watoto wetu huyapata haya nyumbani. Ni kweli kwa kiasi. Mtoto wa Matondoni hukua akitazama jahazi likiundwa, na mtoto wa mvuvi wa Kizingitini huweza kukwambia lini ni bamvua, yaani maji makubwa, na lini ni maji mafu, yaani madogo, bila kutazama kalenda. Lakini mafunzo ya kaunti nzima hayawezi kupangwa kwa kudhani kwamba kila mtoto ana baba mvuvi. Wapo wa Mpeketoni na Witu ambao bahari wameiona mara chache, wapo wa mji wa Amu ambao hupanda mashua kwenda Mokowe na hawajui la kufanya chombo kikiingia maji, na wapo wavulana wa miaka 14 ambao hawajaosha sahani hata moja kwa sababu nyumbani kuna dada. Isitoshe, fundi hufundisha kwa kutazamwa: mwanagenzi huona, huiga, hukosea na hukaripiwa, na miaka ikipita huwa fundi. Ni njia nzuri, imetupa majahazi, lakini mara nyingi haina nafasi ya mwanagenzi kuuliza kwa nini. Nafasi hiyo ndiyo inayotarajiwa kutolewa na shule.

Sasa nije kwenye lile linalotuchosha zaidi. Katika shule moja, wanafunzi wa sekondari msingi walitakiwa kutengeneza mfano wa chombo cha baharini kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani. Mmoja alileta jahazi la mbao lililopigwa msasa na kutiwa vanishi, lenye mlingoti, foromali na tanga la kitambaa cheupe. Mwalimu alipomwomba aoneshe mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na taruma, mbavu zake, hakujua. Alipoulizwa pamba ya kalafati, ya kuziba nafasi za mbao, hutiwa wapi, alitazama chini. Mwenzake alileta kitu kilichoinama upande mmoja, kimechongwa kwa kumbi la nazi na kufungwa kwa uzi wa nailoni, na akaeleza kwa nini kiliinama, mara ngapi alikijaribu ndani ya beseni, na jiwe aliloliweka kikasimama. Huyu wa pili ndiye aliyepewa kiwango cha juu. Mzazi wa yule wa kwanza aliandika barua kali, akiambatisha gharama aliyomlipa fundi. Kwa heshima zote, barua ile ilikuwa ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Kazi hizi zina uzito katika matokeo, na ni vyema nieleze hesabu yake kwa ukamilifu. Tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 huchangia asilimia 60 ya matokeo ya mwisho wa shule ya msingi, na KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, huchangia asilimia 40. Kwa anayemaliza Gredi ya 9, KPSEA aliyoifanya Gredi ya 6 huchangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20, na KJSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9, huchangia asilimia 60. Mwalimu hupima kwa vigezo alivyopewa, huandika iwapo mwanafunzi amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake, kisha huyaingiza matokeo katika mfumo wa Baraza la Mitihani la Kitaifa. Anayepimwa ni mtoto. Kazi iliyonunuliwa dukani au kuchapishwa saiba, yaani duka la intaneti, humpa mwalimu picha ya uwezo wa mwenye saiba, na mtoto hubaki na upungufu uliofichwa hadi siku atakapoketi peke yake.

Upande wa shule nao una la kujibu. Kufagia nyumba ya mwalimu, kumchotea maji au kufua nguo zake si stadi za maisha, hata kazi hiyo ikipewa jina gani. Kazi ya vitendo ina lengo lililoandikwa katika azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha, ina muda, ina usimamizi na ina kigezo cha kupimwa. Isiyokuwa na hayo ni utumishi wa bure, na ikitolewa kwa njia ya kumdhalilisha au kumuumiza mtoto inaweza kuwa kosa. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mwanafunzi kupewa adhabu ya kimwili au kunyanyaswa kiakili, na anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au hufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au hupewa adhabu zote mbili. Kwa upande wa pili, sheria hiyo hiyo inakataza kumwajiri mtoto wa umri wa shule katika kazi inayomzuia kuhudhuria masomo. Mzazi anayemtoa mtoto darasani siku ya Jumatatu akavue au akabebe mawe, kisha akatueleza kwamba naye anamfundisha stadi za maisha, asitarajie tukubaliane naye.

Kuhusu gharama, shule ya umma hairuhusiwi kutoza ada ya masomo, na malipo mengine yoyote yanahitaji idhini kwa utaratibu uliowekwa katika kifungu cha 29. Hata yakiidhinishwa, mtoto hafukuzwi wala hanyimwi masomo kwa kushindwa kuyalipa. Mwalimu anashauriwa kutumia makuti, vifuu, udongo, magunia na vitambaa vikuukuu. Agizo la kununua kadi maalumu na rangi za bei si matakwa ya mtaala.

Maoni yangu, ambayo yasichukuliwe kuwa msimamo wa ofisi, ni kwamba kazi nyingi za vitendo zinapaswa kumalizikia shuleni. Mtoto wa hapa hutoka shule, akala, akaenda madrasa, na hurudi jua limekuchwa. Akipewa na kazi ya kutengeneza mfano wa kisima, mtengenezaji atakuwa mama yake. Vipindi viwili vilivyofuatana vingetosha. Baadhi ya walimu wakuu wameanza kuvipanga hivyo na malalamiko katika shule zao yamepungua. Wavulana nao wakipika, wapike. Hatuna mwongozo unaowaondolea zamu hiyo, na barua zinazouomba hatuna la kuzijibu.

Mwenye lalamiko aanze kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha bodi ya usimamizi wa shule. Asiporidhika, apeleke barua kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na baada ya hapo kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Lalamiko linalohusu nidhamu ya mwalimu huwasilishwa pia kwa Tume ya Huduma za Walimu. Barua itaje shule, gredi, somo, kazi iliyotolewa, tarehe, na kiasi cha pesa kilichoitishwa ikiwa kipo, pamoja na nakala ya ujumbe au risiti. Picha ya mtoto isisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp kama njia ya kulalamika, kwa sababu humfichua mtoto na haifungui jalada lolote. Barua isiyotaja shule wala tarehe hurudishwa kwa mwandishi akaikamilishe.