Reale ya 1780 si lazima iwe ya 1780

Kila nikivuka kutoka Mokowe kwenda Lamu, kuna sonara wa Usita wa Mui ambaye sipiti bila kumsalimia. Siku moja nimeketi barazani kwake, akaja mama mmoja na reale nne, zile sarafu kubwa za madini ya fedha, amezifunga kwenye pindo la leso, zimeiva weusi.

"Ami, hizi za nyanya yangu. Zapita miaka mia mbili, mwaka uko hapo."

Sonara akavaa miwani, akatia moja kwenye mizani: gramu 28 na ushei. Akataja bei. "Mwanangu, hapa nanunua fedha. Sinunui miaka."

Mama akafunga pindo lake akaenda zake amenuna. Najua aliamini kadhulumiwa, maana maneno yake nayasikia kila mahali, Lamu na huku kwetu Malindi, pamoja na mengine ya aina hiyo.

"Mwaka ulioandikwa ndio umri wake"

Mwenye sura iliyo kwenye reale ni Maria Theresia, mtawala wa Austria, aliyefariki 1780. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na Bahari ya Shamu walikuwa wameshaizoea sura yake na hawakutaka nyingine. Basi reale ikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule, yeye yuko kaburini: Vienna, Roma, London, Paris, Brussels, Bombay. Vienna wanaipiga mpaka leo. Kwa hiyo reale iliyoshushwa Lamu na jahazi inaweza kuwa ya zama za Sayyid Said, na inaweza kuwa ya miaka ya 1930, zote zimeandikwa 1780, zote zina fedha asilimia 83. Kuzitenganisha kunataka lenzi na subira: manyoya ya mkia wa tai, kishikizo cha begani, maandishi ya ukingoni. Sonara hana haja ya hayo yote. Yeye kesho anaiyeyusha iwe pete ya kipande cha kaure, imngoje mgeni.

"Ukitaka bei, nenda Nairobi"

Hili niliwahi kuliamini kwa nauli yangu mwenyewe. Nilipanda basi na pesa 11 za shaba za Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, zile zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Mnunuzi wa kwanza alizigeuza kwa ncha ya kalamu kama anayekagua dagaa walioharibika. Wa pili akachukua mbili, nadhani kwa huruma.

Sarafu za Pwani na za bara zina historia mbili, na wanunuzi wake pia ni wawili. Lamu ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja, na bahari ndiyo iliyoleta fedha: reale, rupia za India, pesa za Barghash. Bara sarafu zilienea pamoja na reli, iliyoanza Mombasa 1896 ikafika Ziwa Victoria 1901, na kwa kodi ya nyumba. Rupia ikaondolewa, ikaja florini ya 1920 iliyoishi muda mfupi, kisha mwaka 1921 shilingi ya simba. Ndiyo maana kopo la mzee wa bara lina shilingi za simba na senti za tundu, na sanduku la bibi wa Lamu lina mambo mengine kabisa. Wakusanyaji niliowakuta Nairobi walitaka Kenya: seti kamili kuanzia sarafu za kwanza za 1966, mwaka baada ya mwaka, safi kama zimetoka benki jana. Shaba iliyolala miaka mia na zaidi kwenye hewa ya chumvi ikaota ukijani hawaioni kitu.

Zile tisa nilizorudi nazo, saba zilichukuliwa na mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, kwa bei ile niliyokataliwa Nairobi. Hakuuliza hali yake hata mara moja. Alikuwa anasoma maandishi, kwa sauti.

Malindi ni soko la tatu. Hapa anayenunua ni mgeni, naye hununua hadithi, na hadithi hupanda bei Disemba na kushuka mvua za Aprili. Nimeona sarafu ileile, duka lilelile, imepungua nusu kati ya miezi hiyo miwili. Na kwa kuwa tunaishi na Wataliano: sarafu za euro unazopewa bahashishi, benki na maduka ya fedha za kigeni hapa kwa kawaida hayazitaki, yanataka noti. Lira ndiyo kabisa, ilikoma kutumika 2002. Za euro, mtafute Mtaliano anayerudi kwao akubadilishie.

"Iking'aa ndiyo inauzika"

Ndimu, majivu, ukwaju: kila nyumba ina dawa yake ya shaba, na kwa sinia ni dawa nzuri. Kwa sarafu ni msiba. Nilikuwa na pesa ya 1888 ya ile kampuni ya Kiingereza, Imperial British East Africa, iliyoandikwa Mombasa. Nikaisugua kwa ukwaju usiku kucha ikatoka nyekundu kama ngozi iliyochunwa. Ile ngozi ya kahawia niliyoiondoa ndiyo aliyokuwa akiilipia mkusanyaji. Ninayo bado, hakuna aliyeitaka. Sonara tu ndiye asiyejali usafi, na yeye shaba hainunui.

"Ya Mfalme Edward wa Nane ni mamilioni"

Shemeji yangu alinipigia saa tano ya usiku. Kapata senti ya tundu ya 1936, na kwenye simu kaona inauzwa bei ya kununua kiwanja Watamu.

Uvumi huu una mzizi. Edward VIII alijiuzulu Disemba 1936 kabla ya kutawazwa, na kule Uingereza sarafu zake hazikuachiwa watu watumie. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zina tundu katikati, hazina kichwa cha mfalme, jina tu. Hizo zilipigwa kwa mamilioni zikaingia sokoni, watu wakanunulia sukari. Ni katika sarafu za mfalme huyo zilizo rahisi kupatikana. Na bei aliyoandika muuzaji kwenye simu ni ndoto yake, haina maana kuna aliyewahi kuitoa. Nilimwambia shemeji jambo moja zaidi: ukiona mnunuzi anakutaka utume pesa kwanza "za cheti", kata simu.

"Hela ya Mjerumani iliachwa na Wajerumani wa Witu"

Hapana. Wajerumani waliishika Witu, bara ya Lamu, kuanzia 1885, wakafungua posta Lamu 1888, na mwaka 1890 wakaiachia Uingereza. Hela, sarafu ya koloni lao la Afrika Mashariki ya Kijerumani, ilianza 1904. Ikiwa umeipata Lamu, imepanda na jahazi kutoka Tanga au Bagamoyo.

"Sarafu ya Kichina ni ushahidi wa Zheng He"

Mwaka 2013 ilitangazwa kupatikana kisiwani Manda sarafu ya Yongle, mfalme wa China aliyetawala 1402 hadi 1424 na kumtuma baharia Zheng He huku Bahari ya Hindi, na kwenye magofu ya Gedi kuna nyumba iliyopewa jina kwa sarafu za Kichina zilizofukuliwa humo. Lakini sarafu hutembea mkono kwa mkono. Hiyo inakwambia tu kwamba haikufika kabla ya kupigwa. Na kinachonishangaza ni kwamba tunaiimba hiyo na kusahau vijisarafu vya fedha vya Shanga, Pate, vya karne ya 9 hivi, vyenye majina ya Kiislamu, vilivyopigwa na watu wa hukuhuku.

Watoto wa Pate huokota vitu mvua ikikata. Wauzaji huwaambia "ukiokota ni chako". Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inasema vingine: kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 huhesabiwa cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Pesa ya Barghash imo humo. Sijawahi kumsikia mwenye duka akimweleza mgeni hilo.

Yule mama wa reale alirudi baada ya Idi. Hakuja kuuza. Alitaka moja ichomelewe kishikio, mjukuu wake aivae shingoni. Nilifungua mdomo nimwambie kuchomelea kutaiua thamani yake. Sonara akaniangalia kwa juu ya miwani, nikanyamaza.