Chawa wa njiwa hawahamii kichwani mwako

Wengi mjini wanaamini kuwa njiwa wakizoea dirisha, watoto watapata chawa wa kichwani na hata malaria. Si kweli. Chawa wa njiwa hula manyoya ya ndege, hawawezi kuishi kwenye nywele zetu. Njiwa wana vimelea vya damu vya jamii ya karibu na vya malaria, Haemoproteus columbae, vinavyoenezwa na inzi wa njiwa, lakini haviambukizi binadamu. Malaria yetu huletwa na mbu jike aina ya anofelesi.

Utitiri, ndiyo, unauma. Njiwa wakihama kiota, utitiri wenye njaa hushuka kitandani, na kuwashwa kwake ni kukali. Ondoa kiota kilichoachwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi si mdudu hata kidogo, ni kinyesi kikavu. Ndani yake huota kuvu, Cryptococcus neoformans. Ukivuta vumbi lake na kinga yako imeshuka sana, hasa kwa VVU visivyotibiwa, linaweza kuleta uvimbe wa utando wa ubongo, ugonjwa unaoua. Kwa hiyo usifagie kikavu: kiloweshe kwanza, uvae barakoa na glavu. Mwenye kinga dhaifu amwachie mwingine kazi hiyo.