Usitoe upepo kwenye tairi sababu ya theluji

Wabongo wengi tukifika Minnesota, Marekani, tunaambiwa winta ikianza punguza upepo, tairi zishike barafu, na inaingia akilini maana kwenye mchanga kweli tunapunguza gari isizame. Ila lami yenye theluji sio mchanga jamani. Baridi yenyewe inashusha upepo, kama PSI 1 (PSI ndio kipimo cha upepo wa tairi) kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, sasa ukitoa tena tairi inalala, inalika pembeni na kwenye kona gari inayumba. Pima asubuhi kabla hujaendesha, jaza kiwango cha kwenye stika ya mlango wa dereva. Kinachoshika barafu ni raba laini ya tairi za winta, zile zenye alama ya mlima na chembe ya theluji.